Mabati Yasiyogawika

Wizara ya Mgawanyo Sawa ilitangaza, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, kwamba mabati ya kuezekea shule za umma hayagawiki.

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni. Likabandikwa kwenye milango ya shule zote, zile zilizokuwa bado na milango. Lilisema kwamba baada ya uchunguzi wa kina, wa kitaalamu na shirikishi, idadi ya mabati yaliyoko ghalani, yaani 131,071, imethibitika kuwa namba tasa. Namba tasa haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wananchi waliombwa kuipokea habari hiyo kwa utulivu, kwani hata mataifa makubwa yana namba za namna hii na hayajalalamika.

Aliyeliandika tangazo hilo alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Kutogawanyika, mtu mfupi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na imani moja kichwani, kwamba hesabu haina ndugu wala rafiki. Namba yake aliipenda kwa dhati. Wenzake walitundika ukutani picha za watoto wao. Yeye alitundika 131,071, imechapwa kwa tarakimu nene, ndani ya fremu yenye kioo, na kila Jumatatu alikipangusa kile kioo kwa leso yake mwenyewe.

Ni vizuri tuelewane kuhusu sheria, maana bila sheria mtu anaweza kudhani kuna ujinga hapa. Zamani, kabla ya Wizara, vitu vya umma viligawiwa kienyeji. Kila mtu alipewa chake na kilichobaki kikagombaniwa. Iliwahi kutokea madiwani wawili wakakunjana mashati hadharani kwa ajili ya dawati moja lililobaki. Ndipo Mheshimiwa Waziri alipotunga Sheria ya Mgawanyo Bila Baki, yenye vifungu vitatu tu. Cha kwanza, kitu cha umma kigawiwe kwa usawa kamili, kisibaki hata kimoja. Cha pili, kinachogawika kigawiwe siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, asije mtu akapata nafasi ya kudokoa. Cha tatu, kisichogawika kikabidhiwe kwa Mmoja, akitunze kwa niaba ya wote. Huyo Mmoja hakutajwa, kwa adabu tu, lakini picha yake ilikuwa kila ofisi.

Tangu sheria ipite, nchi ilipata bahati ya ajabu. Madawati yalikuja, yakahesabiwa, yakawa namba tasa. Yakaja mashuka ya hospitali, tasa. Matangi ya maji, tasa. Mkurugenzi aliwahi kusema kwenye semina kwamba nchi nyingine zimejaliwa madini na sisi tumejaliwa namba tasa, na wajumbe wakapiga makofi na kwenda kunywa chai.

Idara yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba vingi na meza nyingi. Kila kigawanyo kilikuwa na meza yake. Mkuu wa Meza ya Mbili alikuwa mzee mpole aliyekaribia kustaafu. Kazi yake ilikuwa kutazama tarakimu ya mwisho, kuona kwamba si shufwa, kuandika "Haigawiki" na kugonga muhuri. Alikuwa ameifanya tangu ajiriwe na hajawahi kuandika neno lingine. Meza ya Tatu walijumlisha tarakimu zote, wakapata kumi na tatu, wakaomba wiki moja ya kuhakiki. Meza ya Nne ilikuwa na watumishi wanane.

Palikuwa pia na Profesa, mtaalamu pekee wa namba pale Wizarani. Mara tu alipoajiriwa alitoa kauli mbili za hatari. Ya kwanza, kwamba namba isiyogawika kwa mbili haiwezi kugawika kwa nne, hivyo Meza ya Nne haina kazi. Ya pili, kwamba ukitaka kujua kama 131,071 ni tasa, huna haja ya kujaribu vigawanyo vyote hadi mwisho. Unaishia kwenye kipeuo chake cha pili, yaani mia tatu sitini na mbili. Kamati, ambayo ilikuwa imejipangia vikao vya kujaribu namba zote hadi 131,070, pamoja na posho na soda, ilimsikiliza kwa heshima. Kesho yake meza yake ikahamishiwa karibu na vyoo.

Hakukumbukwa mpaka mwaka huu, pale hoteli ya Mheshimiwa Waziri kule ufukweni ilipofika usawa wa kuezekwa. Ghafla Mheshimiwa akasisitiza kwamba sayansi iheshimiwe. Kipeuo cha pili kikapitishwa kwa kauli moja, vigawanyo vilivyosalia vikafutwa, na Sherehe ya Kutogawanyika ikapangwa Ijumaa. Siku hiyo Mheshimiwa angetia saini Cheti, na mabati yangepita chini ya kifungu cha tatu.

Jumatatu ya wiki hiyo, mlango wa Mkurugenzi ulifunguliwa bila kubishwa. Ni mtu mmoja tu duniani aliyeweza kuufungua hivyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekusikia redioni. Nikasema ngoja nije nikusikie na macho yako yakinitazama."

Dada yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kuhesabu, kwa vizibo vya soda, wamekaa kizingitini. Alivuta kiti, akaweka mkoba wake juu ya mafaili ya Serikali.

"Si mimi, dada. Ni namba."

"Namba imefanya nini?"

"Haigawiki. Ukigawa kwa saba, inabaki tatu. Kwa kumi na moja, inabaki sita. Kwa kumi na tatu, tano. Tumehangaika nayo sana."

"Na kwa shule?"

"Shule ziko mia tano na kumi na mbili. Inabaki mia tano na kumi na moja."

Mwalimu mkuu akahesabu kimoyomoyo.

"Yaani limepungua bati moja tu, kila shule ipate mia mbili hamsini na sita."

"Baki ni baki, dada. Sheria haitazami kama ni kubwa au ndogo."

"Basi hilo pungufu nipeni mimi. Shule yangu ichukue yake kasoro moja, hapo penye pengo nitaziba na turubai."

"Huo hautakuwa usawa kamili."

"Wote tukikosa ndiyo usawa?"

"Kwa usahihi kabisa," alisema Mkurugenzi, naye aliamini alichokisema. "Sifuri inagawika kwa namba yoyote na haibakizi kitu."

Dada yake alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani akirudi na shati limechanika. Kisha akasema polepole, bila kupandisha sauti, kwamba mvua zimekaribia. Paa la darasa la tatu na la nne liliezuliwa na upepo msimu uliopita. Ukuta ulilowa, ukaanguka juu ya madawati, na Mungu ni mwema, watoto walikuwa wametoka kucheza.

"Mwaka huu sijui kama uliobaki utasubiri kengele ya mapumziko," alisema.

Mkurugenzi aliinamia kalamu zake.

"Halafu nikuulize," dada aliendelea, huku akiinuka. "Mabati yanatoka kiwandani kwa mafungu, fungu moja kumi na sita. Sasa hesabu ya kumi na sita kumi na sita ilifikaje kuwa namba tasa?"

"Ni maumbile, dada."

"Haya. Wasalimie hao maumbile."

Alipoondoka, Mkurugenzi alijaribu kufanya kazi. Alisoma barua moja mara nne. Aliitazama fremu ukutani, akaitazama tena. Kumi na sita ni shufwa. Mafungu hata yawe mangapi, jumla yake ni shufwa. Mtoto wa darasa la tano analijua hilo, na yeye alikuwa analijua pia, ila hakuna aliyewahi kumlipa alitumie. Saa nane akachukua koti lake, akaenda ghalani kwa miguu.

Mtunza ghala alimpokea kwa ukarimu, akamfutia kiti, akampeleka hadi mwisho wa ghala. Kila bati lilikuwa na namba yake iliyopigwa kwa rangi nyekundu pembeni, pamoja na maneno Mali ya Umma. Huo ulikuwa utaratibu wa Idara, mabati yakiteremshwa tu yapigwe namba. Bati la juu kabisa kwenye fungu la mwisho lilisomeka 131,071. Mkurugenzi akalihesabu lile fungu kwa kidole. Kumi na tano.

"Hili mbona limepungua?"

"Hilo lilirekebishwa, bosi."

"Lilirekebishwa?"

"Kama kawaida. Mzigo ukishahesabiwa, dereva wa Mheshimiwa anakuja, anasema kitolewe kiasi fulani. Madawati alitoa matatu. Mashuka sijui alitoa tisa. Haya yalikuwa rahisi, moja tu likatosha. Alichukua la juu, akaenda kuezekea banda la mbwa nyumbani kwa Mheshimiwa." Mtunza ghala alimwangalia usoni, akaingiwa na wasiwasi. "Bosi, mimi nilijua wewe unajua. Si ndiwe Mkurugenzi?"

"Anayempigia hesabu ni nani? Mheshimiwa mwenyewe?"

"Wapi. Mheshimiwa hesabu hazimpandi. Yeye husema tu, 'visigawike.' Msaidizi wake ndiye anayejua."

Mkurugenzi alikaa juu ya fungu la mabati. Aliona haya, haya ya kweli, ile ya kupandisha joto masikioni. Miaka yote hiyo alikuwa anawaeleza watu wenye shida kuhusu maumbile. Alikumbuka mashuka, akakumbuka muuguzi mmoja aliyekuja kumbembeleza na yeye akamchorea jedwali. Baada ya haya ikaja hasira. Mtu amechukua bati moja la mbwa, na kwa hilo moja akayapata yote yaliyobaki, halafu yeye, mtoto aliyefundishwa kwa vizibo vya soda, ndiye aliyemwandikia tangazo.

Kulalamika hakukuwa na maana. Malalamiko dhidi ya Waziri yalipelekwa Kitengo cha Malalamiko, na mkuu wa kitengo alikuwa shemeji yake Waziri. Mkurugenzi hakuwa shujaa wala hakuwa na mpango wa kuwa shujaa. Alikuwa na watoto na deni la kiwanja. Ila kulikuwa na kitu kimoja alichokiweza kuliko mtu yeyote pale Wizarani, nacho ni kuandaa ratiba ya sherehe.

Jumatano aliingia kwa Waziri na ratiba mkononi.

"Mheshimiwa, ratiba imekaa vizuri, ila inakosa ukarimu."

"Ukarimu wa nani?"

"Wako, Mheshimiwa. Wananchi watakuona unapokea. Hawatakuona unatoa."

Waziri alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kukopesha watu. Aliacha kucheka, akafikiri, jambo lililomchosha upesi.

"Nitoe nini sasa?"

"Bati, Mheshimiwa. Moja. Unamkabidhi mwalimu mkuu mmoja mbele ya kamera, watoto wamezunguka. Kabla ya saini. Mtu akitoa kwanza ndipo apokee, inapendeza zaidi."

"Moja tu?"

"Moja linatosha kabisa."

"Na hilo bati litaingia wapi?"

"Kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, Mheshimiwa."

Uso wa Waziri ukang'aa. Kwa kawaida angemuuliza msaidizi wake, lakini msaidizi alishatumwa ufukweni kuandaa mahali pa kuteremshia mabati. Mkurugenzi akapendekeza kwamba bati linunuliwe dukani, la rangi. Hapo Waziri akatikisa kichwa. Kununua ni tabia aliyokuwa ameiacha tangu ateuliwe.

"Dukani tena? Kuna lile la kwenye banda la mbwa. Mbwa mwenyewe alishakufa. Dereva alibandue, alioshe vizuri, litakuwa kama jipya."

Hilo Mkurugenzi hakuwa amelipanga. Alikohoa, akaomba maji ya kunywa, akasema kwamba wazo la Mheshimiwa ni bora kuliko lake.

Ijumaa uwanja wa ghala ulijaa. Maturubai yalifungwa, viti vya mbele vikavishwa vitambaa vyeupe, na nyuma ya jukwaa malori yalipanga foleni, matangi yamejazwa mafuta kwa safari ya ufukweni. Mawingu mazito yalikuwa yamejikusanya upande wa pili wa mji na watu walikuwa wakiyatazama kwa jicho la pembeni.

Waziri alihutubia. Alisema namba hii ni kielelezo cha umoja wetu. Ukiigawa kwa mbili, inakataa. Ukiigawa kwa tisini na saba, inakataa. Je, sisi ni nani hata tukubali kugawanywa? Wakapiga makofi. Akasema yeye binafsi usingizi humpaa akifikiria watoto wa shule, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, leo amekuja na mchango kutoka mfukoni mwake. Dereva akalileta bati, limeoshwa likametameta. Mwalimu mkuu akapanda jukwaani na watoto wake, akalipokea kwa mikono miwili. Kamera zikamulika. Waziri alilishika upande wake muda mrefu kidogo, kwa faida ya wapiga picha.

Kisha ikaja shughuli ambayo hakuna aliyekuwa akiijali, Jaribio la Heshima. Kanuni zilitaka idadi isomwe mara ya mwisho na ijaribiwe hadharani kabla ya saini. Mtunza ghala akashika kipaza sauti. Alisema idadi ya mabati ya shule yaliyopo uwanjani, pamoja na lililopokelewa sasa hivi kwa umma na mbele ya umma, ni laki moja, elfu thelathini na moja na sabini na mbili.

Mkuu wa Meza ya Mbili aliinuka na muhuri wake. Midomo yake ilikuwa imeshajiandaa kwa neno lile lile la siku zote. Akatazama tarakimu ya mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Inagawika," alisema, na sauti ikamtetemeka, kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi.

Akachukua kalamu, akagawa.

"Inagawika kwa mbili," aliendelea. "Naona inapatikana elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita. Na hiyo nayo, ngoja, hiyo nayo inagawika."

"Gawa tena, babu," mtu akasema kutoka nyuma.

Akagawa tena. Akagawa tena. Watu wakaanza kugawa pamoja naye, kwa sauti, nusu ya nusu ya nusu, wauguzi, mafundi, walimu, na ile Meza ya Nne iliyokuwa haijawahi kupata kitu ilisimama juu ya viti. Profesa, aliyekuwa amekalishwa karibu na vyoo vya muda, alijipenyeza hadi mbele, akaeleza kwa furaha isiyofichika kwamba namba hii ni mbili kumi na saba zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, wala haina kingine ndani yake. Kote ulimwenguni, alisema, ni shida kupata namba inayogawika kwa moyo mkunjufu kama hii, na ilikuwa imekaa pua na mdomo na ile iliyokataa.

"Shule mia tano na kumi na mbili," alisema Mkurugenzi kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yake kavu ya tangazo. "Kila shule mabati mia mbili hamsini na sita. Baki, hakuna. Kwa mujibu wa kifungu cha pili, yagawiwe leo kabla ya jua kuzama. Malori yako tayari. Tunamshukuru Mheshimiwa kwa kuyaandaa."

Waziri alimvuta kwa mkono wa koti. "Wewe. Mwambie huyo mwalimu anirudishie bati langu."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Limeshakuwa la umma. Kulichukua sasa kutakuwa wizi."

"Lakini ni langu. Nimetoka nalo nyumbani."

Pale jukwaani watoto walikuwa wamelizunguka lile bati. Walikuwa watoto wa darasa la nne, wenye ugonjwa wa kusoma kila walichokiona kimeandikwa. Sabuni ya dereva ilikuwa imeondoa vumbi na manyoya, ikaacha rangi nyekundu waziwazi. Mmoja akaanza, wengine wakadakia kwa pamoja, kwa ule mwimbo wa darasani: "Mali ya Umma. Namba laki moja, elfu thelathini na moja na sabini na mbili."

Mwalimu mkuu aliwageuzia watu bati wajisomee wenyewe. Kisha akamtazama mdogo wake kwa mbali, akaitikia kwa kichwa, na malori yakawashwa.

Wiki iliyofuata Waziri aliitwa kujieleza, na kwa kuwa lilikuwa jambo la umma, kikao kilifanyika Idara ya Kutogawanyika. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mkurugenzi alipigiwa simu na dada yake kabla hawajaanza, lakini hakuambulia neno; alisikia mvua tu ikipiga juu ya mabati, na dada akipaza sauti kusema kitu, na watoto wengi wakicheka. Alisikiliza hivyo hivyo mpaka simu ikakatika, kisha akafuta macho na ile leso ya kupangusia fremu.

Waziri alisema hakatai. Bati lilitoka, ni kweli. Ila aliomba haki itendeke. Lawama zisimwelemee mtu mmoja. Kulikuwa na dereva aliyelibeba, msaidizi aliyepiga hesabu, mtunza ghala aliyefungua mlango, Mkurugenzi aliyetangaza. Wakiwa na yeye ni watano. Aliomba lawama igawanywe sawa kwa watano, kwa mujibu wa sheria yake mwenyewe.

Ombi likapelekwa kwenye meza husika. Wakauliza ni lawama ngapi. Ikathibitika kwamba bati lilikuwa moja, mbwa mmoja, na amri iliyotolewa ilikuwa moja. Profesa akaitwa toka vyooni, akafafanua kwamba moja si namba tasa, watu wasichanganye mambo, lakini ukiigawa kwa watano hakuna anayepata kitu na inabaki nzima vile vile. Mkuu wa Meza ya Mbili akagonga muhuri. Mkurugenzi akafungua sheria, ingawa aliijua kwa moyo, akasoma kifungu cha tatu taratibu ili kiandikwe vizuri: kisichogawika kikabidhiwe kwa Mmoja, akitunze kwa niaba ya wote.

Mheshimiwa Waziri akakabidhiwa lawama yote, akatia saini kuipokea, na hakukuwa na baki.